Mama Mkwe Hakulia

Watu wa ofisi walifika kabla viti vya msiba havijarudishwa kwa wenyewe. Walikuwa wawili: Ofisa Usalama wa mgodi, mwenye buti za kazi zinazong'aa utadhani hazijawahi kukanyaga mgodi, na mwanasheria kijana aliyekumbatia mkoba kifuani. Walimkuta Mama Vifungo, fundi wa nguo na sasa mjane, ameketi nje ya mlango wake, nyuma ya cherehani iliyofunikwa shuka. Hakuwa anashona. Kulia kulikuwa kumemchosha, na alitafuta tu mahali pa kuweka mikono. Wakampa pole, wakasema kampuni nzima inaomboleza pamoja naye, kisha, bila hata kuonja maji waliyoletewa, wakatoa karatasi.

Jamani, kuna watu wana nyuso kavu. Udongo wa kaburi la mume wa mtu bado mbichi, na wewe unamjia na kalamu.

Mwanasheria alieleza kwa sauti ya chini, ile ya kumbembelezea mtoto anywe dawa. Uchunguzi umekwisha. Marehemu, ambaye wachimbaji wenzake walimwita Redio kwa kuwa mdomo wake haukujua kuzimwa, alikufa kwa hewa ya sumu, ni kweli, lakini hakufa kwa kosa la mgodi. Mitambo ilikuwa mizima. Feni ilikuwa inazunguka. Kilichomuua ni ukaidi wa mwenzake. Hata hivyo kampuni, kwa huruma yake tu, itampa mjane mkono wa rambirambi, tena mnono, na itamwacha akae kwenye nyumba ile ya kampuni mpaka watoto wake wamalize shule. Yeye atie sahihi tu kwamba uchunguzi ameuelewa, ameukubali, na hana neno tena na kampuni.

"Mwenzake nani?" Mama Vifungo akauliza.

Ofisa Usalama akautazama mlango wa pili wa nyumba ile, ambao pazia lake lilikuwa limeshushwa mchana kweupe.

"Nyapara," alisema. "Shemeji yako."

Mama Vifungo alidhani hakusikia vizuri. Nyapara alikuwa kaka wa damu wa Redio, ndiye aliyeongoza kundi lao la uchimbaji. Ndiye aliyembeba Redio mgongoni kule chini mpaka naye akaanguka, wakatolewa wote wawili, mmoja maiti na mwingine povu mdomoni. Alikuwa ametoka hospitali, amelala nyuma ya lile pazia, hawezi kwenda hata chooni bila kushika ukuta. Sasa anaambiwa huyo ndiye muuaji. Ofisa akasema Nyapara mwenyewe amekiri kwamba alivua vile vifaa vya kupimia hewa, vyake na vya vijana wake wote, akavitundika mbali na walikokuwa wanachimba. Wakamwachia karatasi juu ya cherehani, wakamwambia aje ofisini Jumatatu, siku mgodi utakapofunguliwa.

* * *

Vifaa vyenyewe vilikuwa viboksi vidogo vya njano, vya kubana kifuani. Kazi ya kila kimoja ni kuonja hewa. Ikichafuka, kinalia na kuwakawaka taa, na wakati huohuo kinapeleka habari juu, kwenye skrini za chumba cha mitambo. Wachimbaji walikiita Mama Mkwe, kwa sababu hakuna kinachomridhisha, na akianza kelele zake wanaume wote wanatoka nje. Siku vilipoletwa palikuwa na semina, soda na fulana za bure, na Meneja akatangaza kwamba tangu siku hiyo hakuna mtu atakayekufa kwa hewa mbaya katika mgodi wake. Watu walipiga makofi, na walikuwa na haki ya kupiga. Kifaa chenyewe hakikuwa na kosa. Niliweke hilo wazi mapema, maana wapo watakaosikia habari hii waseme shida ni mashine.

Shida ilikuwa posho. Wachimbaji walilipwa mshahara wa kubahatisha sabuni na chumvi. Kilichowalisha hasa ni posho ya tani, na tani huzipati ukiwa umekaa unasubiri. Mama Mkwe akilia, kundi zima litoke, likae kwenye chumba cha usalama mpaka hewa itulie, na muda huo haulipwi. Kundi ambalo Mama Mkwe wake analia mara kwa mara lilikuwa likiitwa ofisini kuulizwa kama limekuja kuchimba au kupumzika. Ndiyo, ofisi ileile iliyogawa fulana za usalama.

Na majumbani nako hakukuwa kimya. Mama Vifungo aliyakumbuka maneno yake mwenyewe, akatamani ayameze upya. Redio alikuwa amerudi mikono mitupu kwa mara ya pili mfululizo, na yeye, mezani, watoto wanasikia, akamwambia wanawake wenzake wameolewa na wanaume, yeye ameolewa na mtu anayefukuzwa na kengele. Redio, ambaye hakukosa jibu hata kwa trafiki, alicheka tu akaendelea kula. Baada ya hapo posho haikukosekana tena. Alikuwa akirudi na kichwa kinamgonga, macho mekundu, na Mama Vifungo akimtuma mtoto dukani kumnunulia vidonge. Kuuliza posho inatoka wapi hakuuliza. Nani huuliza?

Aliinuka, akaenda kulifungua lile pazia.

Nyapara alikuwa amelala kauelekea ukuta. Chumba kilinuka dawa na jasho. Mkewe alikwisha kufariki miaka mingi iliyopita, hivyo aliyekuwa akimpikia, kumfulia na kumbadilishia shuka tangu atoke hospitali ni huyuhuyu mjane wa mdogo wake.

"Shemeji, geuka," alimwambia. "Wamesema ulivitundika."

Nyapara aligeuka taratibu. Hakukana. Alisema kule chini kuna bomba la turubai, nene kama kiuno cha mtu, linaloleta hewa safi kutoka kwenye feni. Wakiingia kazini walikuwa wanavua vifaa vyote na kuvitundika mdomoni mwa lile bomba, vinapulizwa upepo mtamu kutwa nzima, wao wanaingia ndani kuchimba. Mama Mkwe halii. Tani zinatoka. Makundi mengi yanafanya hivyo, si wao peke yao. Walijua wanapunja kengele. Feni si iko palepale, inazunguka kama siku zote? Ubaya wake, kwa hesabu zao, ulikuwa kuumwa kichwa. Siku ile baruti ilikuwa imelipuliwa, na walitakiwa wasubiri moshi uondoke. Walisubiri kama wanavyosubiri siku zote, wakaona panatosha. Redio akatangulia, anapiga soga, ile ya bwana harusi na viatu vya kuazima.

"Akanyamaza katikati," Nyapara alisema. "Nikadhani anacheka."

Maneno yalimtoka Mama Vifungo kwa mkupuo. Alimwambia yeye ndiye mkubwa, yeye ndiye nyapara, mdogo wake angemfuata hata shimoni, na kweli alimfuata shimoni. Alimwambia ameila posho na nyama ya nduguye humo humo. Nyapara alikubali kila neno kwa kichwa, na hilo likamzidishia hasira. Angekuwa mzima angemzaba kibao. Lakini alikuwa anatetemeka kwa homa, na ilibidi ammiminie maji na kumshikia kikombe, huku akijichukia kwa kumshikia.

"Wewe saini tu, shemeji," Nyapara alisema alipomaliza kunywa. "Watoto wapate pa kulala. Mimi wanipeleke wanakotaka."

* * *

Binti wa Nyapara alirudi kutoka kazini jioni, akaikuta ile karatasi bado juu ya cherehani. Mtaa ulimwita Injinia, ingawa kazi yake ilikuwa kukaa mbele ya skrini za chumba cha mitambo na kupiga simu kitu kikigeuka chekundu. Mtaa ulimjivunia: binti wa mchimbaji, anaingia getini na kitambulisho shingoni, anakaa kwenye kiti kinachozunguka. Aliyemlea tangu mama yake afariki ni Mama Vifungo. Alimwita mama mdogo, na aliporudi kazini pa kwanza kupita palikuwa kwake.

Aliisoma karatasi akiwa amesimama. Alipofika mahali fulani akarudi nyuma, akasoma tena kwa sauti.

"Feni ilikuwa inazunguka," alisema. "Inazunguka. Ya kupozea chai ingeishinda."

Mama Vifungo akamuuliza anasema nini. Injinia akatazama huku na huku kama mwizi, akavuta kigoda, na akaanza kueleza kwa haraka, maneno yanakanyagana, kama mtu anayetapika. Zile feni za chini hazizunguki tu. Zinasikiliza vile vifaa. Kifaa kikisema hewa imeanza kuchafuka, feni ya upande ule inakaza yenyewe, kabla hata hakijalia. Kikisema hewa ni safi, feni inapunguza mwendo ili kuokoa umeme. Ndiyo sababu kubwa ya kampuni kuvinunua. Bili ya umeme ilishuka mpaka Meneja akapongezwa na wakubwa zake.

 Mama Vifungo akauliza polepole, kama mtu anayekanyaga ubao mbovu. "Kwa hiyo wangeviacha vifuani?"

"Upepo ungewafuata, mama mdogo. Ungewafuata walipo."

Sasa elewa walichokifanya watu wale. Walidhani wanamnyamazisha mama mkwe mkorofi, kumbe wanaufunga mlango wa hewa yao kwa mikono yao wenyewe. Kila siku kifaa kikiwa mdomoni mwa bomba kinasema hewa safi, na kila siku feni inaamini na kusinzia zaidi, na wao kule ndani wanaumwa vichwa zaidi na kumeza vidonge zaidi. Siku ile ya baruti upepo ulikuwa umepungua mno hata kuufukuza moshi kwa muda waliouzoea. Na juu kabisa, kwenye kiti kinachozunguka, binti wa nyapara anaangalia skrini, anaona upande wa baba yake ndio wenye hewa bora kuliko pote mgodini. Alifurahi. Aliwaringia wenzake.

"Na hukumwambia baba yako kwamba feni inasikiliza?"

Injinia alisema walikatazwa. Siku ya kuajiriwa waliahidishwa kwa sahihi kwamba mambo ya chumba cha mitambo yanabaki humo. Ofisa Usalama alisema wachimbaji wakijua feni inatii vifaa, watavipulizia moshi wa sigara makusudi ili wapate upepo, na umeme wote utaishia huko. Akasema hivyo huku anacheka, na wao wakacheka pia.

Walisikia kitu kinakwaruza. Nyapara alikuwa amesimama mlangoni, ameshika fremu kwa mikono yote miwili. Haikujulikana amesimama hapo tangu lini, ila uso wake ulionyesha amesikia cha kutosha.

"Feni ilikuwa inanisikiliza mimi?" alimuuliza binti yake.

"Ndiyo, baba."

"Mbona hukuniambia?"

"Na wewe mbona hukuniambia unavitundika?"

Jibu la Nyapara lilikuwa la aibu mno. Angemwambiaje binti yake, aliyemsomesha kwa jasho la shimoni, kwamba kila asubuhi anaidanganya mashine inayompa mshahara? Aliteleza taratibu kando ya fremu mpaka akakaa chini kizingitini. Baba na binti walikula meza moja kila siku, wakaulizana habari za kazi, wakajibizana nzuri, nzuri. Injinia alianza kulia bila sauti.

Mama Vifungo hakulia. Alishikwa na hasira ambayo hakujua aielekeze wapi, maana kila alikoielekeza alikuta mtu wake. Alisema angewachapa wote wawili kwa rula ya cherehani kama watoto. Mtu mmoja tu angeropoka! Redio mwenyewe, aliyekuwa anaropoka mpaka siri za ndoa yao kwa kinyozi, hili akalimeza, na yeye Mama Vifungo alijua fika ni nani aliyemfanya alimeze. Aliipiga cherehani kofi, ile karatasi ikaruka ikaanguka miguuni pa Nyapara.

Nyapara akaiokota, akamrudishia. Akasema hakuna kilichobadilika. Yeye alivitundika, si uongo. Feni au si feni, mkono ni wake. Injinia naye, akijifuta pua, akamsihi mama mdogo asije akataja habari za feni ofisini. Watajua mara moja zimetoka kwake. Baba hatashuka tena mgodini, baba mdogo ndiyo hayupo, mshahara uliobaki chini ya paa lile ni wake peke yake. Ukienda huo, wanakula nini? Wanalala wapi?

Walimwambia wote wawili: saini. Na Mama Vifungo, baada ya kuzunguka kichwani mwake na kurudi palepale, akakata shauri. Atasaini.

* * *

Jumatatu alivaa nguo yake nzuri, nyeusi, akaenda. Mlinzi wa getini alimuuliza kama amekuja kuomba kazi ya usafi. Aliposema yeye ni mjane wa Redio, mlinzi akaona haya akamsindikiza mpaka ndani, ambako aliwekwa kwenye benchi la ukumbini. Akakaa. Makarani walipita na mafaili, wakamruka kwa macho. Akapita mhudumu na sinia la chai, akampa kila aliyekuwa pale, akafika kwake akasema hii ni ya wafanyakazi, mama. Ofisa Usalama alipita mara mbili akiongea na simu, mara zote akamwonyesha kidole kwamba anakuja sasa hivi. Jua lilikuwa limeshapanda alipoitwa.

Alikuwapo Meneja mwenyewe, Ofisa na yule mwanasheria. Bahasha ilikuwa mezani, imevimba, imewekwa mahali ambapo isingewezekana kutoiona. Meneja akampa pole nyingine, ya kimeneja, kisha akamwomba Ofisa amwonyeshe mama jambo la kumtuliza moyo. Ofisa akainua kizibao kipya cha kazi. Mama Mkwe alikuwa amefungiwa kifuani kwa kufuli dogo la chuma, na funguo anabaki nazo yeye Ofisa.

"Alichofanya shemeji yako hakitafanyika tena," alisema. "Havitoki."

Dirisha lilikuwa wazi na lilitazama uwanjani, ambako zamu ya kwanza tangu msiba ilikuwa imepanga foleni kwenda kwenye kizimba cha kuteremkia. Wote walikuwa wamevaa vizibao vipya. Mama Vifungo alishika kalamu, na alipokuwa anatafuta mahali pa kutia sahihi, macho yakamponyoka yakaenda nje bila kukusudia. Mchimbaji mmoja wa makamo, waliyemwita Kobe, rafiki wa Redio wa siku zote, alikuwa anawaonyesha wenzake kitu. Alifungua vifungo vya kizibao, akakivua chote pamoja na kufuli lake, akakitundika kwa ukosi kwenye msumari wa ukutani. Wakacheka. Mmoja akampigia makofi.

Mama Vifungo aliinua kalamu kutoka kwenye karatasi.

"Posho ya tani bado ipo?" aliuliza.

Meneja alishangazwa na swali, lakini akasema bila shaka, kampuni haiwezi kuwanyima wanaume haki ya jasho lao.

"Na feni bado inasikiliza vifaa?"

Ofisa Usalama alikitua kizibao mezani, akauliza nani amemwambia habari za feni. Mama Vifungo naye akauliza lake: hao walioko nje, wameambiwa? Meneja akaingilia, akasema kwa upole kwamba hayo ni mambo ya kiufundi, mama, wachimbaji wakiyajua watayachezea. Mwanasheria akagonga karatasi kwa kidole mahali pa sahihi.

"Aliyemuua mumeo ni kaka yake," alisema. "Amekiri mwenyewe. Si feni."

"Najua," Mama Vifungo alimjibu. "Shemeji yangu alimuua mume wangu. Nitampikia na nitamfulia, na sitamsamehe. Hilo ni la nyumbani kwangu, halihitaji wakili. Sasa andikeni na lenu hapa chini. Kwamba feni mliipunguza nyinyi, na hamkumwambia hata mmoja. Mkiandika, nasaini yote mawili."

Meneja alitazamana na mwanasheria. Akasema hawawezi kuandika kitu kama hicho. Akamkumbusha kuhusu watoto, akamkumbusha kuhusu nyumba, na wakati anasema hayo aliichukua bahasha akaanza kuipigapiga kiganjani mwake, taratibu. Mama Vifungo aliweka kalamu mezani. Alijua anachokiacha pale. Alikitazama vizuri kabisa, akatoka.

Uwanjani, walipomwona na nguo yake nyeusi, wachimbaji walivua kofia zao. Kobe alikiondoa kizibao ukutani haraka kama mtoto aliyefumaniwa. Mama Vifungo alikuwa amejiambia atazungumza kwa utulivu, lakini sauti ilitoka na hasira zote za wiki ile.

"Vaa hicho kitu," alimwambia Kobe. "Vaa na usikivue. Hicho ndicho kinachoshika feni. Kikisema hewa safi, feni inalala. Mkikitundika kwenye bomba mnajizimia hewa wenyewe. Redio alijizimia hewa na hakujua. Nyapara alimzimia ndugu yake na hakujua. Na hao waliokaa humo ndani walijua, na leo wanawashusha tena bila kuwaambia."

Minong'ono ikapita kwenye foleni. Ofisa Usalama alikuwa ameshafika ngazini, anawaomba wamsamehe mama, ana uchungu, msiba umemchanganya. Kobe akauliza, bila ukali, maana jambo lenyewe lilikuwa zito: nani amesema hayo?

Mama Vifungo alikuwa ameombwa na Injinia asimtaje, na hakumtaja, hata watu walipoanza kukunja nyuso na wengine kuvaa kofia zao tena.

Ndipo mlango wa chumba cha mitambo ukafunguliwa. Injinia alitoka, kitambulisho amekivua kabisa amekishika mkononi. Hakupaza sauti.

"Nimesema mimi," alisema. "Naiona kila siku kwenye skrini. Ni kweli."

Kazi yake ikaota nyasi palepale, mbele ya macho ya watu, na kila mtu alilijua hilo, na ndiyo maana walimwamini. Alikuja akasimama kando ya mama mdogo wake. Kisha mtu mmoja wa nyuma kabisa, mtu mwenye watoto nyumbani kama wengine, akauliza kwa sauti ya unyonge, "Na posho?"

Wote wakamgeukia Mama Vifungo, kana kwamba yeye ndiye mwenye kuigawa.

"Usiniulize mimi," alisema. "Yule pale dirishani ndiye anayeipanga. Muulizeni yeye. Lakini msiende mmoja mmoja, atawamaliza."

Watu wakainua macho. Meneja alikuwa dirishani, bahasha bado mkononi. Kengele ya kuteremka ikalia. Mwendesha kizimba alikuwa ameshika mlango, anasubiri, na hakuna aliyeingia. Akaipiga tena. Kobe akavaa kizibao, akafunga vifungo vyote mpaka cha juu, akaelekea kwenye ngazi za ofisi, na foleni nzima ikageuka ikamfuata. Meneja akafunga dirisha.

* * *

Taarifa ya kuhama iliwatangulia kufika nyumbani, imebandikwa kwenye milango yote miwili, kwa haraka ambayo kampuni ile haikuwahi kuionyesha kwa jambo lingine lolote. Mgodini hakuna aliyeshuka siku ile. Habari zilisema wachimbaji bado wamejaa ofisini, na kwamba Meneja ameomba muda wa kufikiria. Kama angewapa kitu au angewazungusha, hakuna aliyejua.

Nyapara alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, amejitahidi kuvaa shati. Alisikia yote kutoka kwa majirani kabla hawajafika, lakini alitaka kuyasikia kutoka kwa shemeji yake.

"Hukusaini," alisema.

"Sikusaini."

Machozi yalikuwa yanamtoka, naye hakuyafuta. "Basi umenisamehe, shemeji."

Mama Vifungo alimtazama mtu yule. Alikuwa na pua ya Redio, ileile, na alipolia ilikunjamana vilevile.

"Hapana," alimwambia. "Inuka unisaidie kufungasha."